Uwanja wa Mbwa wa Nyansiongo

Baba yangu aliitwa Onchiri, na kwa kuwa Nyansiongo haijawahi kupungukiwa na kina Onchiri, watu walimwongezea jina: Onchiri wa Chisese, yaani Onchiri wa mbwa. Wale waliohamia skimu yetu ya makazi baada ya Uhuru walidhani ni jina la kumchokoza, wakalitumia kwa raha zao. Hawakujua kwamba mwenyewe alilipenda. Mimi ndiye niliyelichukia. Nilipokuwa shuleni Sironga msichana mmoja alinibwekea bwenini, nikamzaba kofi, na sikujuta hata nilipopewa adhabu ya kufyeka uwanja.

Jina lilitokana na kazi. Kabla ya Uhuru baba alikuwa ameajiriwa na Mzungu mmoja huku Borabu, mwenye mahindi, ng'ombe wa maziwa na mbwa wakubwa wa kila rangi. Mbwa hao walikuwa na uwanja wao wenyewe, eneo zima la nyasi lililozungushiwa seng'enge, lenye miti ya kivuli na birika la saruji la maji. Watu waliolala familia nzima kwenye kibanda kimoja walipita hapo wakawatazama mbwa wakifukuzana, wakameza mate, wakaenda zao. Baba ndiye aliyewapeleka mbwa hao kila asubuhi na kuwarudisha.

Huko alijifunza mambo ambayo Mgusii mwingine hakuona haja ya kuyajua. Kwamba mbwa wasiojuana wapelekwe uwanjani umande ungali kwenye nyasi, maana jua likipanda hasira nazo hupanda. Kwamba udongo uliopata moto huunguza nyayo za mbwa, na ukitaka kujua weka kiganja chako chini kwanza. Kwamba kila mbwa anywe kwenye chombo chake, na jike anayetaka dume abaki nyumbani. Kwetu mbwa hafungwi wala hatembezwi. Analijua boma lake, anabweka usiku, anapewa mabaki, basi. Kwa hiyo baba alipoeleza mambo haya watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye alicheka nao.

Mzungu aliondoka, shamba likakatwa vipande, baba akapata chake. Ule uwanja haukupewa mtu. Seng'enge ya upande mmoja ilitoweka usiku, birika likapasuka, watoto wakapafanya pa kuchezea mpira. Hata hivyo jina lilibaki, Uwanja wa Mbwa, na wageni walipouliza sababu tuliona aibu kuwaeleza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini kichaa cha mbwa kiliingia kwetu. Mwanamume mmoja upande wa Gesima aliumwa mguuni na mbwa wa kupita. Kidonda kikapona vizuri. Aliendelea kuchuma chai yake, akasahau, na baada ya muda mrefu akaanza kuogopa kikombe cha maji. Alikufa amefungwa kamba na ndugu zake, akilia kwamba ana kiu. Huo ndio ubaya wa ugonjwa huu, na nataka ueleweke vizuri kabla sijaendelea: hauna haraka. Aliyeumwa akiwahi sindano, anaokoka. Akingoja mpaka mwili uanze kusema, hakuna daktari duniani wa kumsaidia.

Serikali ikamtuma daktari wa ng'ombe, kijana wa kutoka ziwani aliyeitwa Ouko. Akatangaza kwamba mbwa wote wa skimu waletwe kwenye Uwanja wa Mbwa wachanjwe, na ambaye hatachanjwa atapigwa risasi. Baba akaombwa asimamie, kwani nani mwingine? Alizunguka boma kwa boma akirudia masharti yake: njooni alfajiri, kila mbwa na kamba yake, kila mtu na maji yake. Safari hii hakucheka.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Nyasi zilikuwa zimekuwa kahawia, na mto wetu ulikuwa umebaki madimbwi. Na watu wa Nyansiongo, Mungu awasamehe, hawakuja alfajiri. Walikamua kwanza. Wakapeleka maziwa kwenye lori la ushirika, wakarudi, wakanywa chai, ndipo wakakumbuka mbwa. Ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, ndiye aliyekuwa mfalme wa skimu; nani angemwacha akingoja kwa ajili ya mbwa? Uwanja ulipojaa, jua lilikuwa utosini. Mbwa ambao hawakuwahi kufungwa maisha yao yote walikuwa wakijinyonga kwa kamba za mkonge, ulimi nje, wakirukiana, na vumbi limetanda hata huoni mwisho wa mstari. Nilikuwa nimesimama humo na mbwa wetu. Sikuipenda sauti ya uwanja ule. Haikuwa kubweka kwa kawaida.

Machogu, jirani wa ng'ambo ya mto, alifika karibu na mwisho, akimburuta mbwa mwekundu, mwembamba, mwenye povu kidevuni. Ouko alimwona kwanza. Yeye na baba walizungumza Kiswahili, maana ndicho pekee walichokuwa nacho pamoja.

"Mzee Onchiri, hiyo mbwa inatoa povu."

"Ni jua, daktari. Imetoka mbali, ng'ambo ya mto. Hata hizi zingine ziko na povu. Wacha nipatie yeye maji kwanza."

Na kweli, karibu kila mbwa uwanjani alikuwa akidondosha mate. Baba akamimina maji kwenye karai, akalisukuma mbele ya mbwa mwekundu, akachuchumaa. Mbwa aliyezidiwa na joto huyarukia maji. Huyu aliyatazama, shingo ikamkakamaa, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Nilimwona baba akiinuka polepole. Akamwambia Machogu, kwa sauti ndogo, "Shikilia hapohapo. Usiachie."

Machogu akaachia. Simlaumu sana, mbwa alikuwa amemgeukia.

Sasa lazima nimtaje Mokeira, mke wa kaka yangu Nyasani. Nyasani alifanya kazi kiwanda cha chai upande wa Kericho, akirudi mara mojamoja. Mama yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo pale bomani tulikuwa baba, tuliyemwita Tata sote, Mokeira na mimi, na Mokeira alikuwa na mimba changa. Siku ile alikuwa ameleta uji wa watu wa uwanjani. Hakumpelekea baba mkononi. Aliiweka sufuria kando ya seng'enge ili nije kuichukua mimi, kwa sababu kwetu kuna ensoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono. Mzee haingii nyumbani mwa mke wa mwanawe, hata mvua ya mawe inyeshe. Mwili wa mmoja hautajwi wala hauonekani mbele ya mwingine. Wageni huiita haya, lakini haya ni kitu kidogo. Ensoni imejengwa ndani ya mtu tangu utotoni, na akiivunja hujiona amechafuka yeye na watoto wake.

Mbwa mwekundu alikata uwanja moja kwa moja, akamkuta Mokeira ameinama kwenye sufuria. Wakaanguka pamoja. Baba alifika kabla ya mtu yeyote, akamrukia mbwa mgongoni, akamziba mdomo kwa koti lake na mikono yake miwili, wakagaragara kwenye vumbi mpaka askari akaja na bunduki. Koti lilikuwa na damu. Nilidhani ni ya mbwa.

Mokeira alisimama akajifunga leso yake upya, haraka. Baba alikuwa amesimama mbele yake, akihema, amegeuza uso pembeni kama inavyopasa.

"Mong'ina," akaniambia mimi, "muulize kama ameumwa."

Nikamuuliza. Mokeira akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa sokoni. "Imerarua nguo tu," akasema. "Mmemwaga uji wangu."

Tuliamini. Ouko akawatangazia watu wote kwa Kiswahili, "Kama kuna mtu ameumwa, ama amelambwa mahali pako na kidonda, asingoje. Aende hospitali Kisii." Kichwa cha mbwa yule kikatiwa kwenye debe na kupelekwa maabara ya Kabete kupimwa. Kisha wakaendelea kuchanja, maana mstari ulikuwa mrefu.

Siku zilizofuata baba hakutulia. Alikuwa mtu wa maneno mengi; sasa alikaa kwenye gogo nje ya nyumba yake akitazama mlango wa Mokeira upande wa pili wa boma. Aliona alivyoinama kufagia, akiuvuta mguu mmoja. Aliona alivyoacha kwenda mtoni. Akanituma nikamwangalie. Nilienda. Mokeira alikataa katakata kunionyesha, akaniambia niache kumfuata kama polisi. Nilijua anaficha. Nilijua pia, kwa sababu wanawake wa skimu walikuwa wakilisema kisimani, kwamba sindano za kichaa cha mbwa huchomwa tumboni, siku baada ya siku, na kwamba mwenye mimba akichomwa mtoto hatoki mzima. Nilirudi nikamwambia baba, "Amekataa." Akatikisa kichwa tu. Nilitaka aseme kitu, apige kelele, afanye chochote. Angefanyaje? Hakuweza hata kulitaja paja la mke wa mwanawe, achilia mbali kuuliza kama lina meno ya mbwa.

Kisha Ouko akaja kwa pikipiki. Hakuzima hata injini.

"Majibu imerudi, mzee. Ile mbwa ilikuwa na kichaa."

Baba alimshukuru, akangoja mpaka vumbi la pikipiki likatua. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona na sitaliona tena. Alivuka ua. Alisimama mlangoni pa Mokeira, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika boma la pili, "Mokeira, ni mimi baba yake Nyasani. Ninaingia."

Akaingia. Nilimfuata mbio. Mokeira alikuwa kitandani, amejivuta mpaka pembeni, blanketi limefika puani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona maiti ikitembea. Baba hakumsogelea. Alisimama katikati ya chumba, kofia mikononi.

"Nina swali moja, na sitauliza tena. Je, alikuuma?"

Mokeira akaanza kulia.

"Ndiyo, Tata."

"Juu ya goti?"

"Juu sana, Tata."

"Vaa. Mong'ina, msaidie."

Akatoka. Nilipolifungua tambara alilojifunga pajani nikaona kidonda. Kilikuwa kimefunga vizuri, hata chekundu hakikuwa, na uzuri ule ndio ulionitia hofu. Nilimkumbuka yule wa Gesima.

Lori la ushirika lilitupeleka mpaka mjini. Mokeira na mimi tuliketi mbele na dereva. Baba alipanda nyuma, akasimama kati ya madebe ya maziwa, njia nzima, jua likimchoma, amevaa lile koti.

Pale hospitalini walioumwa na mbwa walikuwa wengi mwaka ule, na walichomwa sindano wote kwenye chumba kimoja chenye mlango usiofungika. Wanaume, wanawake, watoto, walijipanga kwenye mstari mmoja, kila mtu ameinua nguo mpaka kifuani, tumbo wazi. Daktari alimsikiliza Mokeira akakunja uso. "Mmechelewa," akasema, "lakini hatujashindwa. Na mimba isikutishe. Kitakachomuua mtoto ni wewe kufa." Nilimpenda kwa maneno yale makali.

Kisha akamgeukia baba, aliyekuwa amesimama kizingitini akitazama nje.

"Kuna mwingine aliyeumwa, mzee? Aliyeparuzwa? Aliyeshika mdomo wa yule mbwa?"

Baba akatazama ule mstari, mara moja tu. Kisha nikaona mkono wake wa kulia ukiingia kwenye mfuko wa koti.

"Hakuna," akasema.

Tulibaki mjini, mimi na Mokeira, tukalala kwa shangazi yangu Nyamoita, na kila asubuhi nilimpeleka akachomwe. Tumbo lake lilijaa uvimbe kama limepigwa mawe. Baba alirudi kukamua ng'ombe. Alikuja kututazama mara kwa mara, akasimama nje langoni, akaniuliza, "Yule anaendeleaje?" na kuondoka bila kuingia.

Sindano zikaisha, tukarudi nyumbani, mvua za masika zikaanza. Unadhani tulifurahi? Tulikuwa tukimchungulia Mokeira kama chungu kinachokaribia kufurika. Kila asubuhi nilimpa maji, nikasimama nikimtazama koo mpaka ayameze. Akishtuka mlango ukigongwa, tulishtuka sote. Machogu, ambaye majuto yalikuwa yamemkondesha, alipita kila Sabato akitoka kanisani na kuuliza swali lilelile, "Anakunywa maji?" Nami nilimjibu, "Anakunywa." Tumbo la mimba likachomoza, mtoto akaanza kucheza. Wanawake wa kisimani wakaanza kusema kwamba hatari imepita.

Macho ya skimu nzima yalikuwa kwa Mokeira. Hakuna aliyeuliza kama Onchiri anakunywa maji.

Asubuhi moja nilimkuta akikisugua kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye ukingo wa kiti, kwa nguvu, mpaka ngozi ilikuwa inachubuka. Alisema kinamwasha kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki. Hakuwa amelala. Nikamletea chai. Alikiinua kikombe vizuri tu, kikafika mdomoni, na shingo yake ikakakamaa vilevile nilivyoona siku ile kwenye karai. Kikombe kikaanguka. Tulitazamana, baba na mimi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumweleza mwenzake.

"Mtume mtu akamwite Nyasani," akasema. "Na wewe usinishike."

Alinionyesha kidole. Kulikuwa na alama ndogo, nyeupe, ya jino moja. Ungeweza kusema amejikata na kisu cha kumenyea ndizi.

Sijawahi kukasirika vile maishani mwangu. Nilipaswa kulia, nikapiga kelele. "Daktari alikuuliza, Tata! Nilikuwa nimesimama hapo. Alikuuliza wazi!"

"Aliniuliza."

"Mbona ukasema hakuna?"

Akayafuta mate kwanza, yalikuwa yanamsumbua. "Kile chumba kilikuwa kimoja, Mong'ina. Ungetaka nisimame kwenye mstari ule shati limefika kifuani, na mke wa Nyasani mbele yangu amefunua tumbo lenye mjukuu wangu? Kila asubuhi? Nilikuwa nimekwisha kuingia nyumbani mwake. Ningebaki na uso gani?"

"Ungekuja jioni. Ungeenda peke yako."

"Nilijiambia nitaenda akimaliza yeye. Alipomaliza, kidole kilikuwa kimepona." Akajaribu kutabasamu. "Nikasema basi, labda."

Lile "labda" bado linaniuma kuliko mengine yote. Huyu ndiye mtu aliyezunguka skimu nzima akiwafundisha watu wasicheze na mbwa kwenye jua.

Nilitoka nje kumtafuta mtu wa kutuma, nikamkuta Mokeira amesimama karibu na ukuta, mkono tumboni. Alikuwa amesikia kila neno. Alitembea mpaka mlangoni pa baba mkwe wake, na baba, aliyekuwa amevua kila kitu cha juu kwa sababu ya homa, akaisikia hatua yake.

"Mong'ina! Nipe shati kwanza. Mke wa mwanangu yuko nje."

Niliingia nikampa. Hakutaka nimsaidie. Alilifunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, akakaa wima kitandani, akageuza uso pembeni. Ndipo akaniruhusu nifungue mlango.

Mokeira hakuvuka kizingiti. Aliinamisha kichwa, machozi yakimdondokea miguuni, akasema kwa sauti iliyosikika vizuri humo ndani, "Tata, kwenye mstari ule si ningefumba macho tu."

Koo la baba lilikuwa limeanza kumkaza tena, na mimi ndiye niliyefunga mlango.